Treni ya Papa

Koti la Tonton Déo, mjomba wangu, limenifikia ndani ya mfuko mweupe wa takataka, kwa sababu tulipogawana vitu vyake baada ya maziko hakuna aliyelitaka. Ni koti zito la sufu nyeusi, limechakaa viwikoni, na lilikuwa kubwa kwake tangu siku aliyolinunua mitumbani. Nililitundika kwenye korido nikajisemea nitaliangalia siku nyingine. Juzi nikalivaa mara moja tu, nimetoka mbio kununua mkate, theluji ikaniangukia, na niliporudi nikaliweka juu ya radiateri ya kupasha nyumba joto likauke. Jamani, ile harufu! Sufu iliyolowa inayopata joto polepole, na chini yake kitu kingine, kama chuma kilichosuguliwa, harufu ya breki za treni. Nilikaa chini palepale kwenye korido, viatu bado miguuni, mtu mzima mwenye watoto wake, nikawa nasubiri yule mama wa kwenye kipaza sauti atangaze.

Atangaze nini? Treni. Treni ya Papa, baba yangu.

Nyinyi mliokulia Schaerbeek, hapa Brussels, enzi zangu mnaikumbuka baridi yetu. Mnakumbuka jinsi madirisha yalivyotoa jasho kwa ndani, jinsi tulivyovaa soksi mbilimbili na bado vidole vikauma. Mimi na Maman tulikuwa tunakaa kwa Tonton Déo, mdogo wake wa tumbo moja, nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya kwanza. Maman alikuwa anafanya kazi mji wa Namur, kwenye nyumba ya wazee. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwageuza vitandani. Kila asubuhi alishika treni kungali giza, na kila jioni alirudi giza limeshaingia tena, kwa hiyo kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili sikumwona mama yangu kwenye mwanga wa jua isipokuwa Jumapili.

Sisi wenyewe tulifika Brussels kwa treni. Kutoka Bukavu tulipita njia ndefu ambayo siikumbuki vizuri, kisha ndege mpaka Paris, kisha treni. Ninachokumbuka ni ile treni kusimama katikati ya mashamba meupe na kugoma kabisa. Taa zikazimika, joto likakatika. Nilikuwa sijawahi kuona theluji, nikadhani mtu amemwaga unga dunia nzima. Nikamuuliza Maman, Papa iko wapi?

"Iko nyuma yetu," akasema, huku ananifunika na kitenge chake. "Anakuya na ingine."

Yaani treni nyingine. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na sioni mtoto gani angeelewa vingine. Papa alibaki Bukavu kuuza kiwanja ili apate kutufuata. Kwa hiyo alikuwa nyuma yetu, kwenye reli hizihizi, kwenye treni inayofuata.

Tulipofika Tonton alikuwa amesimama stesheni, amesimama siku nzima kwa ajili yetu, midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi. Alitukumbatia, akachukua mizigo yote mwenyewe, hata kile kimfuko changu kidogo cha mgongoni akakivua. Maman alikuwa anauliza maswali, watu wa kule habari gani, nani amepiga simu. Yeye akawa anajibu tu, "Twende kwanza nyumba. Mutakula kwanza." Nyumbani alikuwa amepika fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Tulikula mpaka Maman akasinzia mezani, mkono wake mmoja bado uko ndani ya sahani. Nilicheka. Tonton hakucheka.

Basi nikaanza kungoja. Na nchi hii, nawaambia, ni nchi nzuri sana kwa mtoto anayengoja treni, maana treni zake wakati wa baridi zina sababu ya kila namna. Leo vyuma vya kubadilishia njia vimeganda. Kesho waya za juu zimeshika barafu. Keshokutwa milango haifungi, dereva mwenyewe amekwama kwenye treni nyingine iliyochelewa. Hata kabla ya baridi yenyewe, majani yakidondoka tu kwenye reli, safari zinaharibika. Majani! Nchi yenye mfalme na chokoleti zote zile inashindwa na majani. Maman alikuwa anaingia nyumbani amechoka, anatupa mkoba, anasema, "Retard tena, ni retard kila siku, batu hawa watatuua," na Tonton anamchekesha, anamwambia aombe apewe kitanda palepale stesheni ya Namur.

Mimi nilikuwa nafurahi kimoyomoyo. Kila retard, yaani kila kuchelewa, ilinipa nguvu. Kama treni ya Maman, ya hapo karibu tu, inaweza kusimama saa nzima porini, ya Papa inayotoka mbali vile itakuwaje? Hajakataa kuja, hajatusahau. Amechelewa tu. Usiku wa theluji nililala vizuri. Nilichokiogopa ni majira ya joto. Mwezi wa saba treni zilikuwa zinafika kwa wakati wake, jua linawaka mpaka saa nne usiku, watu wamekaa uwanja wa Flagey wanalamba aiskrimu, na mimi tumbo linaniuma kwa sababu Papa hana tena kisingizio. Maman alinipeleka kwa daktari kwa ajili ya tumbo lile. Daktari akasema nipunguze pipi.

Wageni kutoka Bukavu walikuwa wanapita kwetu, watu wa kanisani wengi wao. Kila mmoja Maman alimuuliza, "Na Papa Neema? Hamukumuona?" Neema ni mimi. Kila mmoja alishika kikombe chake kwa mikono miwili akatazama ndani yake kama kuna mdudu. "Tuliachana siku nyingi, maman. Muzima, nawaza." Halafu wanaanza habari za theluji. Ajabu ni kwamba hakuna mtu wa kwetu aliyependa kuzungumza habari za theluji ila alipoulizwa juu ya baba yangu.

Lazima niwaeleze jambo moja hapa kwa wale ambao wameanza kusahau mambo ya kwetu. Mtu aliye safarini haambiwi msiba. Haiwezekani. Kumwambia mtu njiani ni kama kumsukuma shimoni, maana hana pa kukaa, hana mtu wa kumshika. Kwenye simu ndiyo kabisa, hilo ni tusi. Unamfuata mwenyewe huko aliko, unampokea mzigo, unamdanganya kwa uso mkunjufu kwamba wote ni wazima, unamfikisha nyumbani, unamkalisha, unampa maji, unampa chakula. Akishakula na nguvu kumrudia, ndipo mkubwa mmoja anakohoa na kusema. Bibi yetu, mama yao Maman na Tonton, alipokufa, Tonton ndiye aliyetumwa kumfuata Maman sokoni. Alimwapia kwa Mungu kwamba Bibi anaendelea vizuri. Maman akala viazi na maharage, kisha akaambiwa. Hakumlaumu hata siku moja. Alisema yale maharage ndiyo yaliyomsimamisha kaburini.

Sasa siku yenyewe. Theluji ilianza asubuhi na mpaka mchana ikawa imefika magotini. Shule wakaturudisha mapema. Tonton naye hakwenda kazini kwake mtaa wa Forest kwa sababu tramu zilikuwa zimesimama, akawa amekaa jikoni na redio. Redio ikasema treni za kutoka Namur zimekwama. Akasikiliza, akaenda korido, akarudi ameshika bottes za Maman, viatu vyake virefu vya theluji.

"Ona mama yako," akaniambia. "Ameenda na bile biatu bya kitambaa. Atatoka na miguu imekufa. Vaa manteau, tunaenda kumupokea kwa gare."

Wazo zuri, si ndiyo? Mtu mwenye huruma anampelekea dada yake viatu. Jaketi lake la kila siku lilikuwa limelowa, kwa hiyo akavaa hili koti jeusi la Jumapili. Akanishika mkono. Tukatembea mpaka stesheni ya Gare du Nord katikati ya barabara, maana magari hayakuwepo, na sauti pekee ilikuwa ya viatu vyetu. Sikuwahi kuusikia mji huu umenyamaza namna ile. Tangu siku tuliyofika kutoka Paris, Tonton hakuwa amewahi kwenda stesheni kumpokea Maman. Sikuliwaza hilo. Yeye pia hakuliwaza, masikini.

Stesheni ilikuwa imejaa watu wanaotukana kwa lugha mbili. Ubao wote ulikuwa na retard, mstari hadi mstari, na mimi roho yangu ilikuwa juu kwa furaha. Nilimwambia Tonton, leo ndiyo leo, zote zimechelewa, basi zote zitafika pamoja. Akaniuliza zipi. Nikasema zote, hata ya Papa. Alinitazama. Akanifunga vizuri skafu ambayo ilikuwa imeshafungwa vizuri. Tulisubiri hadi sikuhisi tena pua yangu. Kisha yule mama wa kipaza sauti akatangaza Namur, na treni ikaingia polepole, nyeupe kuanzia paa hadi magurudumu, inalia breki.

Maman alishuka behewa la mwisho. Alikuwa anacheka na mwanamke mwingine, wanaagana, kitambaa cha kichwa kimeenda upande. Akageuka akatuona.

Sijawahi kuona uso wa mtu unaondoka vile. Alimwona Tonton na koti lake la Jumapili. Aliniona mimi nimeshikwa mkono. Kicheko kilibaki mdomoni bila mwenyewe. Tonton akamwendea haraka akampokea mkoba.

"Déo," akasema Maman. "Nani?"

"Nani nini? Leta sac."

"Nani amekufa?"

"Hakuna muntu amekufa! Nimekuya na bottes, ona. Bottes tu." Akaziinua. "Bon, twende kwanza nyumba. Utakula, utapumuzika."

Ewe Tonton! Katika maneno yote ambayo Mungu aliumba, akaenda kuchagua hayohayo. Nafikiri naye aliyasikia yakimtoka, kwa sababu macho yalimtoka na akaanza kusema haraka haraka, apana, dada, si vile, haki ya Mungu. Lakini mtu aliyekuja kuficha msiba angesema nini kingine? Angesema hivyo hivyo. Angeapa hivyo hivyo.

Maman akaketi kwenye theluji ya stesheni. Hakuanguka, aliketi, miguu imenyooka mbele. Akashika kichwa.

"Papa Neema," akasema kwanza polepole. Kisha akapaza sauti, sauti iliyowageuza Wazungu wote. "Papa Neema weee! Papa Neema!"

Na mimi nikageukia milango ya treni.

Alikuwa amemwita, kwa hiyo amemwona. Niliachia mkono wa Tonton nikakimbia kando ya mabehewa. Alishuka mwanamume mwenye fidla. Akashuka mzee mwenye mbwa ndani ya kapu. Akashuka kijana mweusi mrefu na moyo wangu ukaruka, akanitazama, akapita. Nilichungulia kila dirisha, viti vya buluu vitupu, gazeti chini. Milango ikapiga ile kengele yake ikajifunga. Nilipiga kiganja kwenye kioo na kusema kuna mtu hajashuka. Mpaka leo nikipita stesheni ile siwezi kuondoka kabla milango haijafungwa. Mume wangu ameacha kuniuliza.

Njia nzima ya kurudi Maman alikataa kuvaa bottes. Tonton alizibeba mkononi na kuapa.

"Mbele ya Mungu, dada. Hakuna simu, hakuna habari, hakuna kitu. Nilikuya juu ya biatu tu."

"Ata wakati Maman yetu alikufa uliniapia," akajibu, hamtazami. "Na Mungu huyo huyo."

Angesema nini tena? Nimewaza sana juu ya hilo tangu alipokufa. Alikuwa anasema kweli, na kweli ile haikuwa na mlango wa kupitia. Njia ile nzima nilimwamini, kwamba alikuwa anasema kweli tupu. Ilikuwa kweli ya siku ile moja tu.

Nyumbani Maman alikaa chini sebuleni, akavua kitambaa cha kichwa na kuachia kilio kikapanda ngazi zote za jengo. Maman Charlotte akakisikia. Huyu alikuwa anakaa juu yetu, mtu wa Bukavu, wa kanisa letu, aliyefika Ubelgiji mwaka mmoja baada yetu. Akateremka na kitenge kimefungwa kiunoni, nyuma yake wanawake wawili waliokuwa wamekuja kwake kusali. Hawakuuliza lolote. Walisogeza meza, walikaa chini, walianza kuimba kwa sauti ya chini. Maman Charlotte alichukua miguu ya mama yangu, ile miguu iliyokuwa imelowa na kugeuka baridi kama samaki, akaiweka mapajani na kuisugua.

Tonton alikuwa amekimbilia jikoni. Nadhani alitaka tu kushika kitu. Nilisikia sufuria.

"Pole, mama," alisema Maman Charlotte. "Pole sana. Afazali Déo amekuambia. Ilikuwa inatuunguza mu roho, kukuona kila siku unauliza. Tulimuzika muzuri. Mi mwenyewe nilikuwa pale, na kanisa yote. Hakuteseka siku mingi. Ni ile malaria ya kichwa."

Maman aliacha kulia. Ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Wale wawili waliendelea kuimba kidogo, kisha nao wakanyamaza mmoja mmoja.

"Ulisema nini?"

Maman Charlotte akatazama huku na huku. Alikuwa ameshaelewa kwamba amekanyaga pabaya, ila mguu ulikuwa umeshazama.

"Lini, Charlotte?"

"Mama…"

"Nakuuliza lini."

"Mulikuwa mungali mu njia," akasema, na akaanza kulia yeye. "Mulikuwa hamujafika ata kwa Déo."

Tonton alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, koti bado liko mwilini linatoa mvuke. Maman alimtazama muda mrefu. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo, nisingeogopa sana.

"Siku ile kwa gare," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua. Balinipigia simu asubuhi."

"Ukanipa chakula."

"Nilikupa chakula. Nilisema akimaliza nitamuambia. Ukalala, dada. Ulilala mu sahani. Nikasema kesho. Kesho ukaamuka na homa. Kisha ikakuya mambo ya papiers ya kukaa huku, nikasema bapate kwanza papiers. Kisha kazi. Kila siku nilikuona uko bado mu njia."

"Donc mi nakula tangu siku ile?" akauliza Maman. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anauliza bei. "Miaka yote hii nakula tu, Déo?"

Theluji ilikuwa inagonga dirisha bila sauti. Nilisimama pembeni ya radiateri na manteau yangu na begi langu la shule mgongoni, hakuna aliyekumbuka kunivua, na niliona wakubwa wote wamekosea jambo rahisi mno. Nikaona ni juu yangu kuwasaidia.

"Papa iko mu train," nikawaambia. "Inachelewa juu ya theluji."

Wote watano waligeuka kunitazama, na hakuna hata mmoja aliyesema apana. Maman alinyoosha mkono kwangu, ukafika nusu, akaurudisha na kujifunika uso. Maman Charlotte akanong'ona, "Na huyu mutoto, nani atamwambia?"

Ni Tonton aliyekuja. Alipiga magoti mbele yangu. Alinivua begi mgongoni, akalishika kama kitu kizito sana. Akanivua manteau, skafu, kofia, akanikalisha kwenye kiti karibu na joto. Alikwenda jikoni akarudi na glasi ya maji, nikanywa. Akaenda tena akarudi na sahani, fufu na sombe, vinatoa moshi, akaiweka magotini pangu. Akapiga magoti tena.

"Kula kwanza, Neema," akasema.

Maman alikuwa ametoa mikono usoni, ananitazama. Nilielewa. Hakuna aliyenieleza kitu na nilielewa kila kitu, na hofu iliyonishika sijawahi kuipata tena, hata kwenye kuzaa. Nikamega tonge dogo kama punje ya mahindi, nikatafuna hadi likapotea lenyewe, nikamega jingine. Nilikula jani moja moja la sombe. Fufu ilipoa ikawa ngumu, mchuzi ukaganda pembeni, na Tonton alibaki amepiga magoti pale, hakuniharakisha.

Sahani ilipobaki tupu akakohoa. Nikamnyooshea ile sahani kabla hajafungua mdomo, nikamwambia aniongezee.